Mtungi wa Ladi Kwali ulikuwa sanaa hata kabla ya kufika London

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Maana ya methali hii inajulikana na kila mwanafunzi aliyewahi kuketi katika darasa la Kiswahili: yule anayewatengenezea watu vyombo vizuri, mwenyewe hula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Walimu huitumia kueleza jinsi mtenda kazi anavyokosa kufaidi jasho lake. Hata hivyo, mimi huisikia methali hii ikitueleza jambo jingine pia. Inatuambia kuwa jamii imezoea kumwona mfinyanzi kuwa mtu wa chini. Chombo chake tunakihitaji kila siku, lakini jina lake hatulijui, wala hatuoni haja ya kuliuliza.

Katika makala haya nakusudia kusimulia maisha ya mfinyanzi mmoja ambaye jina lake lilikuja kuulizwa na ulimwengu mzima. Huyu ni Ladi Kwali wa Nigeria, aliyefariki mwaka wa 1984. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa swali ambalo limewasumbua walimu wa sanaa kwa miaka mingi: je, kazi ya udongo ni ufundi au ni sanaa? Nimewasikia walimu wakisema bila kusita kuwa mchoro uliotundikwa ukutani ni sanaa, ilhali mtungi ni kazi ya mikono tu. Wanafunzi nao hulipokea jibu hilo kama walivyopewa, wakaenda nalo nyumbani ambako pengine nyanya zao ni wafinyanzi hodari.

Ladi Kwali alizaliwa karibu mwaka wa 1925 katika kijiji cha Kwali, kaskazini mwa Nigeria, miongoni mwa Wagbari, ambao wengine huwaita Wagwari. Jina lake lenyewe halikuwa na makuu. Katika lugha ya Kihausa, Ladi ni jina apewalo msichana aliyezaliwa siku ya Jumapili, na Kwali ni kijiji chake. Kwa hiyo jina ambalo leo limeandikwa katika makumbusho ya Ulaya linamtaja tu binti wa Jumapili kutoka Kwali.

Miongoni mwa Wagbari, ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Ladi alifundishwa na shangazi yake tangu utotoni. Hakuwa na gurudumu la kuzungusha udongo. Alianza kwa donge alilolitanua kwa vidole hadi likawa kitako cha mtungi, kisha akaongeza misokoto ya udongo, mmoja juu ya mwingine, huku akiuzunguka mtungi badala ya kuuzungusha. Kuta zilipopanda alizigonga kutoka ndani kwa kibao bapa ili zitanuke na kuwa nyembamba. Mitungi mingine ilikuwa mikubwa mno, ya kuwekea maji ya nyumba nzima. Ajabu ni kwamba ilitoka mviringo kamili, ingawa mfinyanzi hakuwa na kipimo chochote isipokuwa jicho lake na hatua za miguu yake.

Baada ya kuusawazisha mtungi, aliupamba. Alichora kwa kijiti mistari na maumbo ya kijiometria, akabingirisha vijiti vilivyochongwa alama ili kuacha mikanda ya nakshi, na katikati ya mikanda hiyo akawachora wanyama: nge, mjusi, mamba, kinyonga, nyoka, ndege na samaki. Halafu mitungi ilikusanywa mahali pa wazi, ikafunikwa kwa nyasi kavu na kuni, ikachomwa. Moto wa namna hiyo haufikii nyuzi 1,000 za Selisiasi. Udongo uliochomwa hivyo hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole katika kuta za mtungi, yakafika nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo ukiondoka huchukua joto. Hiyo ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi hata jua likiwaka vipi. Ningewaomba walimu wa sayansi walikumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Sasa, mpenzi msomaji, zingatia yafuatayo. Mitungi ya Ladi ilipata sifa katika sehemu zile, na Amiri wa Abuja, Suleiman Barau, akajipatia kadhaa na kuiweka katika kasri lake. Abuja ninayoitaja hapa ni mji wa kale ambao tangu mwaka wa 1976 unaitwa Suleja, baada ya jina lake kupewa mji mkuu mpya wa Nigeria. Amiri hakuwa na uhaba wa vyombo vya maji. Katika eneo lililojaa wafinyanzi angeweza kupata mitungi mahali popote. Alichagua ya Ladi kwa kuwa ilimpendeza, akaiweka mahali ambapo wageni wake wangeiona. Uamuzi huo ulifanywa na Mwafrika, katika mji wa Kiafrika, kabla ya mtaalamu yeyote kutoka ng'ambo kutoa maoni yake.

Ni katika kasri hilo ambamo Mwingereza Michael Cardew aliiona mitungi hiyo mwaka wa 1950. Cardew alikuwa mfinyanzi mashuhuri kwao, mwanafunzi wa Bernard Leach, na alikuwa amefanya kazi katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Serikali ya kikoloni ya Nigeria ilimwajiri kuwa afisa wa ufinyanzi, naye akaanzisha kituo cha mafunzo mjini Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nia ya serikali ilikuwa ya kibiashara. Ilitaka vijana wafunzwe kutumia gurudumu, tanuri la kuni lenye joto kali, na ule mchanganyiko wa maji, unga wa mawe na majivu ambao ukipakwa juu ya chombo na kuchomwa huyeyuka na kuwa ngozi nyembamba ya kioo. Vyombo vilivyokusudiwa vilikuwa mabuli ya chai, majagi, vikombe na mabakuli yenye vifuniko, vya kuuzwa madukani.

Waliopokelewa kwanza kituoni walikuwa wanaume. Huu ni mkasa ambao wanafunzi wa historia wangefaa kuutafakari. Katika nchi ya Wagbari ujuzi wa ufinyanzi ulikuwa mikononi mwa wanawake, lakini ukoloni ulipofungua chuo cha ufinyanzi, uliwaita wanaume wajifunze. Ladi Kwali alijiunga mwaka wa 1954, akawa mwanamke wa kwanza kituoni humo. Baadaye walifuata wengine, wakiwemo Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa. Ladi alijifunza kutumia gurudumu na tanuri, na hatimaye akawa yeye mwenyewe mwalimu wa wengine.

Kilichomfanya awe mashuhuri, hata hivyo, hakikuwa mabuli wala vikombe. Aliendelea kufinyanga mitungi mikubwa kwa misokoto ya udongo, jinsi shangazi yake alivyomfunza, na kuipamba kwa mamba na vinyonga wale wale wa Kwali. Tofauti ilikuwa katika hatua za mwisho. Mtungi ulipakwa uji wa udongo wa rangi, mistari iliyochorwa ikajazwa udongo mweupe, kisha chombo kizima kikavikwa ile ngozi ya kioo na kuingizwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,300. Kikatoka kigumu kama jiwe, chenye mng'aro wa kijani au weusi, na wanyama wake waking'aa chini ya kioo.

Mitungi hiyo ilisafiri. Kazi za kituo cha Abuja zilionyeshwa katika Berkeley Galleries mjini London mwaka wa 1958, 1959 na 1962, na watu wa kule wakashangazwa na mitungi ya Ladi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye mwenyewe alikwenda Uingereza, akafinyanga mbele ya hadhara, akiuzunguka mtungi kama alivyofanya nyumbani. Uingereza ikampa nishani ya MBE. Mwaka wa 1972 alizuru Marekani pamoja na Cardew na mfinyanzi mwingine, Kofi Athey, wakionyesha kazi yao katika sehemu mbalimbali. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari. Nchi yake ikamtunza kwa Tuzo ya Kitaifa ya Ubora mwaka wa 1980, na mwaka uliofuata ikampa nishani ya Order of the Niger. Aliaga dunia tarehe 12 Agosti 1984 mjini Minna. Kituo alichofanyia kazi kikapewa jina lake. Tangu mwaka wa 2007, picha yake akifinyanga imo nyuma ya noti ya plastiki ya naira 20. Leo makumbusho makubwa ya London, yakiwemo British Museum na Victoria and Albert Museum, yanaihifadhi mitungi yake.

Hayo ndiyo maisha ya Ladi Kwali kwa ufupi. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: je, ni wakati gani hasa mtungi wake ulipoacha kuwa ufundi na kuwa sanaa?

Wapo watakaojibu kuwa ni pale ulipovikwa kioo. Jibu hili linavutia kwa kuwa linataja kitu kinachoonekana. Lakini tukilichunguza tutaona kuwa lina kasoro. Kioo hakikuchora mamba, wala hakikuupa mtungi mviringo wake. Vitu hivyo viwili, umbo na nakshi, ndivyo vilivyowashangaza watazamaji wa London, na vyote viwili vilitoka Kwali. Kazi za wanaume wa kituo zilivikwa kioo kile kile na kuchomwa katika tanuri lile lile, ila ulimwengu ulimkumbuka zaidi mwanamke aliyekuja na ujuzi wa kijijini.

Isitoshe, kioo kilikuwa na gharama yake, na hapa ndipo ninapowarejesha wanafunzi wa sayansi kwenye lile nililowaomba walikumbuke. Mtungi uliochomwa kwa joto kali na kuvikwa kioo huziba vile vitundu vyote. Maji hayapenyi, mvuke hautoki, na maji yaliyomo hayapoi. Mtungi mpya wa Ladi ulikuwa na nguvu zaidi, ulimetameta zaidi na uliuzwa kwa bei ya juu zaidi, lakini haukuweza tena kumpa mwenye kiu maji baridi. Ulibakiwa na umbo la mtungi wa maji huku umeiacha kazi ya mtungi wa maji. Kwa maneno mengine, ulikuwa sanamu ya mtungi. Kwa sababu hiyo wapo wanaodai kuwa Cardew aliiharibu kazi ya Wagbari kwa kuifanya pambo la nyumba za matajiri. Wengine humtetea wakisema kuwa bila yeye Ladi angekufa bila kujulikana nje ya wilaya yake.

Nionavyo mimi, pande zote mbili zinamsahau Ladi mwenyewe. Zinamzungumzia kama udongo uliofinyangwa na Cardew. Huyu alikuwa mwanamke wa takriban miaka 30 alipoingia kituoni, mfinyanzi ambaye kazi yake ilikuwa tayari katika kasri la Amiri. Alijifunza gurudumu, akalitumia kwa vyombo vilivyolihitaji. Alipofika kwenye mtungi mkubwa, aliliacha gurudumu kando na kurudia misokoto. Alipokea tanuri na kioo, akakataa kubadilisha umbo na nakshi. Huo ni uchaguzi wa mtu anayejua anachokifanya. Kama sanaa ni uwezo wa kuchagua kwa kukusudia, na kuubeba uchaguzi huo kwa ustadi hadi mwisho, basi Ladi alikuwa msanii kituoni, na alikuwa msanii kijijini kabla ya hapo. London ilimpa soko na jina. Usanii alikwenda nao.

Naona kuwa lugha yetu inaweza kutusaidia hapa. Neno sanaa tulilipata kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu asili yake ni kazi ya mikono, ujuzi wa kutengeneza kitu. Walioliingiza neno hili katika Kiswahili hawakulitenga na ufundi. Mchonga milango wa Lamu alikuwa fundi, na hakuna aliyedhani kuwa kumwita fundi ni kumtusi. Mgawanyo tunaoufundisha leo, wa sanaa juu na ufundi chini, ulikuja na shule za kikoloni, ambazo ziliuchukua kutoka Ulaya. Huko nako ni mgawanyo wa karne chache tu. Tunapomwambia mwanafunzi kuwa mtungi si sanaa kwa kuwa unatumika, tunampa kanuni ambayo hata lugha yake haiijui.

Sisemi kwamba kila chungu ni sanaa. Kufanya hivyo ni kuliua neno lenyewe. Kipo chungu kilichofinyangwa kwa haraka ili kiuzwe sokoni Jumamosi, na aliyekifinyanga anajua hivyo. Vivyo hivyo, ipo michoro mingi katika fremu za dhahabu ambayo haina lolote. Ninachopinga ni kutoa hukumu kabla ya kukitazama chombo, eti kwa kuwa ni cha udongo, au kwa kuwa kilifinyangwa na mwanamke wa kijijini, au kwa kuwa kinaweza kutiwa maji.

Je, mambo haya yanatuhusu vipi sisi Wakenya? Yanatuhusu sana. Katika miaka ya 1970, msichana Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, na aliyekuwa akisomea sanaa Uingereza, alisafiri hadi Abuja kujifunza ufinyanzi wa mkono wa Wagbari. Huyo ni Magdalene Odundo. Kule alimkuta Ladi Kwali akiwa bado kazini. Odundo hakuiga mitungi ya Ladi. Vyombo vyake havina nakshi za wanyama, na havivikwi kioo hata kidogo. Huvisugua kwa muda mrefu hadi vikang'aa vyenyewe, kisha huvichoma vikatoka vyekundu au vyeusi. Lakini huvijenga kwa mkono, bila gurudumu, naye anahesabika leo miongoni mwa wasanii wakubwa wa udongo ulimwenguni. Mwaka wa 2020 Uingereza ilimpa hadhi ya Dame. Basi tazama njia ilivyopita: kutoka kwa shangazi mmoja kijijini Kwali hadi kwa Ladi, na kutoka kwa Ladi hadi kwa binti wa Nairobi. Hakuna hatua katika njia hiyo ambapo mtu angeweza kusimama na kusema kuwa hapa ufundi umekoma na sanaa imeanza.

Nasi hapa nyumbani tunao wafinyanzi. Wako akina mama wa Nyanza wafinyangao mitungi ya maji ambayo Wajaluo huiita dapi. Wapo wengine Magharibi na Ukambani. Wengi wao ni wazee, na ndoo ya plastiki imewanyang'anya wanunuzi. Mabinti zao wanaona kuwa kazi hii haina heshima, na shule, kwa kunyamaza kwake, inakubaliana nao. Mfinyanzi mmoja akifariki bila mwanafunzi, hatuwezi kuuchimba ujuzi wake ardhini kama tunavyochimba magae.

Kwa hivyo ninawasihi walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi umetupa nafasi ya kumshirikisha mzazi na jamii katika masomo ya sanaa. Nafasi hiyo isiishie katika kuwaagiza watoto walete kigae cha udongo kilichochorwa ua. Mwalimu na amtafute mfinyanzi aliye karibu na shule yake, amwalike darasani, na amlipe kama mgeni yeyote mwenye ujuzi anavyostahili kulipwa. Wanafunzi waandike jina lake, wamwulize alifundishwa na nani, udongo wake huuchimba wapi, na kwa nini amechora mstari huu hapa na si pale. Swali hili la mwisho ndilo swali ambalo wahakiki wa sanaa huwauliza wasanii wakubwa. Majibu ya mama huyo yatawafunza wanafunzi mengi kuliko ufafanuzi wangu wowote wa maneno ufundi na sanaa.

Wahenga walisema pia kuwa udongo uwahi ungali maji. Wafinyanzi wetu wangali hai, na mikono yao ingali na kumbukumbu. Tukingoja hadi mgeni atoke ng'ambo aje kutuonyesha thamani yao, tutakuwa tumemsahau Amiri wa Abuja, ambaye hakumngoja mtu yeyote.